Rungu Wamempa, Koti Atajijua

Ukitaka kumkera mtu wa Bukoba, mwambie hapa hakuna baridi. Wenzetu wa Njombe na Makete ndio wenye ugonjwa huo. Wanashuka stendi mwezi wa saba na fulana moja, wanatuangalia tulivyojifunika masweta, wanacheka. Nao wana ushahidi: kipimajoto cha mjini kwetu mara chache kinashuka chini ya nyuzi 15, wakati kwao kuna asubuhi majani yanageuka meupe kwa barafu. Sawa. Lakini kipimajoto hakijawahi kupakizwa kwenye boda saa kumi na moja alfajiri kutoka Muleba, barabara ingali na maji ya usiku, ukungu wa Kamachumu umeshuka mpaka kwenye migomba, na upepo unakupiga kifuani mwendo mzima. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka inakaribia milimita 2,000. Mtu aliyelowa hasubiri theluji ndipo atetemeke. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, anayebisha, msyuu!

Mada hiyo ndiyo iliyowaka juzi kijiweni, pale kwenye mabenchi ya Mae karibu na soko. Mae ni muuza kahawa. Tunamwita hivyo wote, yaani mama, hata wanaomzidi umri, kwa sababu anakopesha. Wajumbe wa kudumu ni Fundi, mshona viatu. Kijana wa boda anayeleta abiria kutoka Muleba. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi tunayemwita Bosi naye hakatai. Na Mwalimu, mstaafu wa somo la historia, nshomile kamili, yaani msomi wa Kihaya, mtu ambaye ukimsalimia "kaboneka waitu" anakujibu na mwaka wa tukio.

Kijana wa boda alikuwa anajivua. Kujivua kwake ni kazi ya hatua. Kwanza koti zito la mtumba, kalivaa nyuma mbele, zipu ipo mgongoni ili upepo usipate mlango. Chini ya koti, sandarusi ya mbolea iliyokatwa matundu ya shingo na mikono. Chini ya sandarusi, gazeti la juzi lililokunjwa mara nne likalala kifuani, kurasa za michezo zikiwa juu. Fundi akalidaka lingali na joto la mwili, akaanza kusoma msimamo wa ligi.

Bosi akasonya. "Vijana wa siku hizi mnajidekeza. Askari wa Kirumi waliteka dunia miguu wazi na sketi. Si mnawaona Ijumaa Kuu parokiani?"

Ni kweli tunawaona. Kila mwaka vijana wa kwaya wanajifunga vitambaa vyekundu, wanavaa kofia za maboksi zenye brashi ya kufagilia juu, wanampiga Yesu mijeledi ya katani huku magoti yakiwa wazi. Kwa watu wengi wa Kagera huyo ndiye Mrumi. Hana soksi, hana suruali, hana mafua.

Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu, na aliyemzoea akajua kwamba kahawa ya pili italipwa na mtu mwingine, maana yeye sasa atakuwa na kazi ya kuongea.

"Kaisari Augusto mnamfahamu?"

"Yule wa sensa, Yosefu na Maria wakaenda Bethlehemu," akasema Mae, bila kugeuka kutoka kwenye jiko.

"Ndiye huyohuyo. Suetonius ameandika habari za maisha yake. Anasema majira ya baridi Augusto alivaa kanzu fupi nne, moja juu ya nyingine. Juu yake toga nzito. Ndani fulana, na kizibao cha sufu cha kukinga kifua. Mapaja na miundi navyo vimefungwa vitambaa. Mtawala wa dunia nzima, alikuwa na gazeti lake kifuani kama huyu bwana mdogo."

Kijana wa boda akanyoosha kola. Nikaona kabisa kwamba nauli ya Muleba kuanzia siku ile itapanda.

Fundi akainua macho kutoka kwenye msimamo wa ligi. Fundi haongei sana, lakini akiongea anatoboa kama sindano yake. "Huyo mkubwa. Mkubwa hajawahi kukosa koti. Mimi nauliza aliyesimama lindoni. Yeye alivaa nini, na alipewa na nani?"

Hapo ndipo gumzo lilipokuwa gumzo.

Askari wa Kirumi alianza na kanzu fupi ya sufu inayofika magotini na ukanda kiunoni. Miguuni alivaa viatu vya ngozi vya kamba kamba, juu wazi, chini misumari ya chuma imepigwa kwa safu. Fundi hapo akataka maelezo: ngozi ya tabaka ngapi, msumari unapita mpaka wapi, unakunjwa au unabaki. Mwalimu akamjibu kwamba soli ilikuwa ya matabaka yaliyobanwa na hiyo misumari, na kwamba mguu ulipumua vizuri sana Italia, kwenye jua. Balaa ni kwamba dola haikuishia Italia. Ilipanda mpaka mto Rhine, mpaka Danube, mpaka kaskazini ya Uingereza, kwenye mvua inayonyesha kwa pembe na upepo usiopumzika. Huko kiatu cha matundu ni mlango wa maji.

Juu ya kanzu alikuwa na vazi la kujitanda. Lilikuwepo shuka zito la sufu linalobanwa begani kwa pini. Ukimwaza mlinzi wa Kimasai na lubega lake hujakosea sana. Mchana ni koti, usiku ni blanketi. Lilikuwepo pia joho lenye kofia, la kushuka mpaka chini ya goti, na hilo ndilo la mvua. Sufu yake haikuondolewa mafuta ya kondoo yote, kwa hiyo matone yaliteleza kabla ya kupenya. Shingoni skafu, kwanza ili chuma cha deraya kisimchune, pili kwa sababu shingo ikipata baridi mwili mzima unajua.

"Na soksi?" akauliza kijana wa boda, ambaye zake zilikuwa zinakauka kwenye ubavu wa jiko la Mae bila idhini.

Mwalimu alikuwa anaisubiri hiyo. Kaskazini ya Uingereza, karibu na ule ukuta ambao Kaisari Hadrian alianza kuujenga mwaka 122, kuna ngome iitwayo Vindolanda. Mwaka 1973 mwanaakiolojia Robin Birley alikuta humo vipande vyembamba vya mbao vimeandikwa kwa wino, vimekaa kwenye tope lisilopitisha hewa kwa miaka elfu moja na mia nane na ushee. Ni barua, hesabu za bohari, orodha za zamu, mialiko. Moja ya barua hizo inamwambia mpokeaji, kwa ufupi, kwamba ametumiwa soksi, makubazi jozi mbili, na chupi mbili.

Benchi zima lilicheka. Jeshi lililoiteka dunia, linatumiwa chupi kwa kifurushi!

Lakini Fundi hakucheka. "Kwa hiyo soksi hazikutoka bohari," akasema. "Kuna mtu aliyekaa akafikiria miguu ya mwenzake."

Akatulia, akarudi kwenye ligi. Mimi nikaona kwamba Fundi ameshamaliza mjadala mzima kwa sentensi mbili, sisi wengine tulikuwa tunaongeza majani kwenye chai.

Maana hebu tuzitazame hizo barua zenyewe. Kuna Octavius, mtu wa biashara na jeshi, anamwandikia Candidus kwamba ngozi zipo mahali paitwapo Cataractonium, na angeshazifuata, ila hakutaka kuwaumiza wanyama wa mizigo kwa sababu barabara ni mbovu. Mwalimu alipofika hapo kila mtu akataja barabara ya kwao. Nshamba ikatajwa, Rubya ikatajwa, visiwa navyo vikalalamika kwamba wao hata hiyo mbovu hawana. Ngozi ndiyo iliyoshonewa mahema na viatu. Barabara ikiharibika, askari analowa. Kaisari wa wakati huo yuko Roma, hajui.

Tena hao waliokuwa wanalinda Vindolanda wenyewe hawakuwa watu wa Roma. Walikuwa Wabatavi, wenyeji wa sehemu ambayo leo ni Uholanzi, na Watungri wa upande wa Ubelgiji. Watu waliotekwa jana wakatumwa kuwalinda waliotekwa leo. Na hata hivyo kipande kimoja cha mbao kinawataja wenyeji wa Uingereza kwa jina la dharau, kama mtu anavyosema vijitu. Binadamu bwana! Anatetemeka nchini kwa mtu, na bado anamdharau.

Dharau hiyo ndiyo iliyowachelewesha Warumi kuvaa suruali. Kwao suruali ilikuwa vazi la washenzi, Wagali na Wajerumani wanaokunywa bia na kufuga nywele. Mstaarabu alionesha miundi. Wakakaa na ustaarabu wao mpaka baridi ya kaskazini ikawauliza maswali. Pale Roma ipo nguzo ya Kaisari Trajan iliyokamilika mwaka 113, imechongwa picha za vita vyake ng'ambo ya Danube. Tazama miguu ya askari utaona wamevaa suruali fupi za kubana, zinaishia chini kidogo ya goti. Wameshaanza. Miaka mingine mia mbili na ushee baadaye suruali ikawa imeingia mpaka mitaani Roma, na mwishoni mwa karne ya 4 Kaisari Honorius akalazimika kutoa amri ya kuipiga marufuku mjini humo. Sheria haipigi marufuku kitu ambacho watu hawakivai. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Na Uingereza yenyewe, ile ya vijitu, ikaja kuwa maarufu kwa makoti. Kaisari Diocletian alipotoa orodha ya bei elekezi mwaka 301, maana na yeye alidhani mfumuko wa bei unatishika kwa tangazo, aliorodhesha joho la Uingereza lenye kofia kwa dinari 6,000. Wenyeji walioonekana hawana maana ndio waliokuwa wanajua nini kinavaliwa pale kwao. Wangeulizwa mapema, vidole vingi vingepona.

Vidole si maneno ya kunogesha. Tacitus anasimulia jeshi la jemadari Corbulo lililopiga kambi milimani Armenia miaka ya 50. Ardhi iliganda hata mahema hayakuweza kusimikwa bila kuichimbua. Wengi waliharibika viungo kwa baridi, na wengine walikutwa wamekufa wakiwa lindoni. Anamtaja askari mmoja aliyebeba mzigo wa kuni: mikono iliganda ikashikamana na mzigo, ikakatika na kubaki nao. Corbulo mwenyewe alipita katikati yao na nguo nyepesi, kichwa wazi, akiwapa moyo.

"Jemadari huyo!" akashangilia Bosi. "Kiongozi wa mfano."

"Na mikono ya yule bwana?" akauliza Mae. "Ilirudi kwa kupewa moyo?"

Bosi akanywa kahawa yake.

Sasa utauliza, kwani jeshi tajiri namna ile lilishindwaje kumvisha mtu? Halikushindwa. Lilimvisha, kisha likamkata. Ipo karatasi ya mafunjo kutoka Misri, hesabu ya mishahara ya askari mwaka 81. Kuna makato ya chakula, makato ya viatu na vitambaa vya miguu, makato ya nguo, mpaka makato ya sikukuu yao ya mwisho wa mwaka. Neno makato lilipotamkwa, benchi liliingia simanzi ya pamoja, kwa sababu kila aliyewahi kuajiriwa pale alikuwa na lake. Mwalimu mwenyewe alinyamaza kidogo. Kumbukumbu za salari slipu ni donda.

Na alikuwepo aliyesema. Mwaka 14, Augusto amefariki, majeshi ya Pannonia, kwenye nchi ambazo leo ni Hungaria na jirani zake, yaligoma. Kinara wao aliitwa Percennius, askari wa kawaida tu ambaye kabla ya jeshi alikuwa kiongozi wa wapiga makofi kwenye majumba ya maigizo. Yaani mtu wa kijiwe hasa, amefuzu. Jioni, wakubwa wakishaondoka, aliwakusanya wenzake na kuwauliza: roho na mwili wetu vinathaminiwa senti kumi kwa siku; katika hizo senti kumi tununue nguo, tununue silaha, tununue hema, na bado tumhonge akida ili asitupige. Ndiyo maisha haya?

Mgomo ulizimwa. Mwezi ulipatwa, wakaogopa. Kisha mvua za baridi zikashuka kabla ya wakati wake, mfululizo, hata mtu hakuweza kutoka hemani. Percennius akauawa. Angalia kejeli ya mambo: watu waliogoma kwa ajili ya nguo na mahema walishindwa na mvua.

Bosi akaona mambo yanamwelemea, akahamisha uwanja. "Hayo ya Wazungu. Huku kwetu babu zetu walivaa nini? Si walikaa hivihivi tu?"

Hapo Mae ndiye aliyegeuka, na mwiko mkononi. Kukaa hivihivi! Buhaya watu walivaa embugo, nguo za gome la mtoma. Mti ule unabanduliwa ganda la ndani, jeraha lake linafungwa majani ya mgomba ili upone na kuota gome jingine, kisha kile kipande kinapigwa kwa nyundo ya mti yenye mistari mpaka kinapanuka na kulainika kama kitambaa. Mti uleule unavuliwa tena na tena kwa miaka mingi, wala haufi. Upande wa Buganda ufundi huo umetambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2005. Mchana unajifunga, usiku unajifunika. Wanawake walikuwa pia na vishenshe, mavazi ya nyasi na ukindu. Kitambaa cha amerikani kilipoingia madukani ndipo embugo zikaanza kubaki kwa wazee na kwenye mazishi. "Kila kibanja kilikuwa na mtoma wake," akasema Mae. "Koti lako lilikuwa linaota nyuma ya nyumba. Hukungoja meli."

Na wageni waliokuja na bunduki, kuanzia Emin Pasha aliyefungua kituo hapa Bukoba mwaka 1890 na askari wake, waligundua upesi kwamba anayekutuma yuko mbali. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, askari wa Wajerumani alikuwa na kaki, kofia ya tarbushi, buti, na vitambaa vya buluu vya kuviringa miundi. Kwa macho alipendeza. Mwingereza akafunga bahari mwaka 1915, hakuna shehena ya kitambaa kutoka Hamburg. Ikabidi pamba isokotwe na kufumwa hukuhuku, na rangi ya kaki itokane na mti wa mdaa, ule ambao bibi zetu wa pwani wanautumia kutia rangi ukili. Dola ya Kaisari wa Berlin ilivalishwa na mikono ya wenyeji na mizizi ya porini. Upande wa pili, wengi wa askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, walitembea vita ile peku au na makubazi.

Juni 1915 pande hizo mbili zilikutana hapahapa. Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, Jenerali Stewart akiwa mbele, wakatua kaskazini ya mji na kuvuka vinamasi, wakapigana tarehe 22 na 23, wakaubomoa mtambo wa redio wa Wajerumani. Kisha askari wakaruhusiwa kuupora mji, wakaupora kweli. Mtu aliyelowa akiachiwa nyumba za watu, msitegemee ataanza na maktaba.

Fundi akaweka gazeti chini. "Mimi yangu ni ya 1978," akasema.

Tukanyamaza, kwa sababu 1978 kwetu si somo la darasani. Majeshi ya Amin wa Uganda yalivuka mpaka Oktoba mwishoni, yakafika mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na Novemba ni mwezi wa mvua. Watu wa Missenyi walikimbia na walichokuwa wamevaa. Fundi alikuwa mtoto. Anasema familia moja ililala kwao, watu wasiowajua, watoto wamelowa chapachapa, na nyumbani kulikuwa na blanketi moja zuri, la kijivu lenye mistari miekundu. Mama yake alichukua mkasi akalikata katikati. "Nililia," akasema Fundi. "Nilidhani ameharibu. Nusu ile nimeoa nikiwa nayo."

Hapo hakuna aliyesonya.

Ndipo akatokea mlinzi. Anatoka lindoni saa mbili asubuhi, anapita kwa Mae kupasha tumbo kabla ya kwenda kulala. Kijana wa Kamachumu, mpole, ana adabu ya kuamkia benchi zima mmoja mmoja. Analinda ghala mtaa wa pili. Kampuni, siitaji, wenyewe wanajijua, ilimpa rungu, kofia, na shati la sare la mikono mifupi. La mikono mifupi! Kwa kazi inayoanza jua likizama! Na hilo shati wakamkata kwenye mshahara, miezi mitatu, kidogo kidogo, kama askari wa Misri mwaka 81.

Kinachomkinga ni koti alilonunua mwenyewe kwenye mtumba: jeusi, zito, lina mistari ya kung'aa kwenye mikono, na mgongoni maandishi makubwa ya Kijerumani ya kikosi cha zimamoto. Mtu fulani huko alizima moto wa nyumba akiwa nalo, akastaafu au likamchosha, likafungwa kwenye belo, likavuka bahari, likapanda lori, likafunguliwa sokoni kwetu likagombaniwa. Mfuko wa kulia umeshonwa upya kwa uzi wa kiatu. Kazi ya Fundi, bure. Kola ina kipande cha kitenge ndani kwa sababu kitambaa cha asili kilikuwa kinamchuna shingo. Kazi ya mama yake. Soksi zake ni za mpira wa miguu, mbili mbili kila mguu. Kofia ya mzula kapewa na kijana wa boda. Mpekue mtu yule kuanzia utosini mpaka kwenye kisigino, hutakuta uzi hata mmoja wa mwajiri isipokuwa lile shati, ambalo ameshalilipia.

Bosi akatoa hoja ambayo waajiri wa mji huu wote wanayo, hata wasiosema hadharani. "Mlinzi ukimpa joto, atalala. Baridi inamweka macho."

Msyuu! Huo ulikuwa msonyo wa benchi zima, kwa sauti moja, mpaka mteja wa nyanya ng'ambo akageuka.

Haya, tuseme ni kweli. Wale waliokutwa wamekufa lindoni Armenia walikuwa macho kweli, hawakusinzia hata kidogo. Kambi waliilinda? Mtu anayetetemeka halindi ghala, anaulinda mwili wake. Anatafuta ukuta usio na upepo, anawasha vijiti nyuma ya nyumba, anajikunja ndani ya boksi la jokofu. Akili yake yote imekwenda kwenye vidole. Mwizi aliyevaa sweta anampita kwa starehe zake. Unaokoa bei ya koti, unapoteza mabati mia mbili, halafu unamfukuza yeye.

Tena si suala la huruma peke yake. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na hatari za kazi yake. Wengi wakisikia hivyo wanawaza kofia ngumu ya mjenzi na miwani ya mchomelea vyuma. Kwa anayekesha nje kwenye mvua ya Bukoba hatari ya kwanza ni mvua ya Bukoba. Koti, buti na soksi ndiyo kofia ngumu yake. Baridi ya kulowa haiombi kibali kwa kipimajoto kilichosoma nyuzi 16.

Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, ameshaanza kutaja kifungu, mara kijana wa boda, ambaye heshima ya kufananishwa na Kaisari ilikuwa imempanda kichwani, akamuuliza kwa unyenyekevu wote wa Kihaya: "Tata, samahani. Na yule mzee anayelinda pale kwako, wewe umempa nini?"

Kimya.

Mwalimu akakohoa. Akatazama kikombe. Akasema, kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, "Tochi."

"Na betri?"

"Betri... tunachangia."

Nimeona watu wakicheka kijiweni, lakini kicheko kile kilimwagisha kahawa za watu wanne. Mtu anayajua makato ya mwaka 81, anajua chupi za Vindolanda, anajua Honorius alikataza nini, na getini kwake mzee wa miaka sitini anakesha na tochi ya kuchangia! Ndiyo maana wanatutania nshomile. Kusoma tumesoma.

Bosi akadhani ameokoka, akacheka kuliko wote. Mae akamtazama mpaka akaacha. "Na wewe unacheka nini? Ghala analolinda huyu mtoto ni la nani?"

Kumbe. Kampuni ya ulinzi ni ya mtu mwingine, lakini mali inayolindwa ni yake, saruji na mabati yake, na kila asubuhi anampita kijana yule na koti lake la zimamoto bila kujiuliza lilitoka wapi. Bosi alianza kueleza habari za mkataba, kwamba mavazi ni juu ya kampuni. Kampuni nayo ukiiuliza itasema mteja analipa kidogo. Kila mkubwa ana mkubwa mwenzake wa kumsukumia, na wote wamelala ndani.

Hukumu ilitolewa na Mae, kwa kuwa deni la wote lipo kwake na rufaa haipo. Mwalimu atamnunulia mzee wake koti la mvua, sweta na soksi jozi mbili, bila kumkata. Bosi atanunua buti za kijana wa Kamachumu, na mkataba ukifika mwisho wa mwaka ataongeza mstari mmoja unaotaja koti kwa jina lake. Fundi atakagua soli kabla hela haijatoka, maana anamjua Bosi. Asiyetekeleza, kahawa analipa kabla ya kunywa.

Belo la makoti linafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Tutakuwepo wote, na Mwalimu aje na noti, historia aiache nyumbani.